Sala Kando ya Soko: Wakristo wa Biryogo na Historia ya Utulivu wa Moyo

Biryogo ni mtaa wa zamani ulio kati ya kitovu cha jiji la Kigali na Nyamirambo, katika wilaya ya Nyarugenge, na kwa muda mrefu umejulikana nchini Rwanda kuwa makao ya Waislamu, ya wachuuzi na mafundi, na ya watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani na dukani. Kwa sababu hiyo, historia ya Ukristo wa Rwanda huandikwa kwa kawaida kuanzia kwenye vilima vya misheni kama Save, Kirinda na Gahini, na mtaa huu hupitwa kana kwamba hauna neno la kuchangia. Hata hivyo, lipo swali la kale la maisha ya Kikristo ambalo Biryogo inaliweka wazi kuliko kilima chochote cha misheni, nalo ni namna muumini anavyoweza kuukaza moyo wake kwa Mungu wakati mikono yake imeshikwa na kazi, masikio yake yamejaa sauti za barabarani na akili yake inahesabu madeni. Wamisionari wa kwanza waliamini kwamba adui wa utulivu huo ni mji wenyewe, pamoja na soko lake na dini zake nyingine. Mambo yaliyotokea katika karne ya ishirini yalionyesha kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa mahali pengine, yaani katika heshima, vyeo na wingi wa watu ambao Ukristo wenyewe ulijipatia.

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa Mkazi, yaani mwakilishi wa serikali ya kikoloni katika nchi iliyokuwa bado na mfalme wake. Nyuma yake walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani ya Tanganyika na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa Waislamu, na baadhi yao wakiwa Waarabu na Wahindi wenye maduka. Watu hao ndio waliojenga msikiti wa al-Fatah mwaka 1913, na mwaka huohuo Wakatoliki waliianzisha parokia ya Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu, karibu na kitovu cha mji. Hivyo dini mbili ziliingia mjini bega kwa bega, wakati Kigali ilipokuwa kijiji kikubwa tu kilichozungukwa na mashamba, na tangu mwanzo Mkristo wa mji huo hakuwahi kusali mahali ambapo hakuna mtu anayesali kwa njia nyingine.

Baada ya Wabelgiji kuwafukuza Wajerumani mwaka 1916, serikali mpya iliwatenga wakazi hao wa mjini na Wanyarwanda wa vijijini kwa kuwaweka katika eneo lililoitwa kambi ya Waswahili, ambalo ndilo chimbuko la Biryogo. Watu wa kambi hawakuwa chini ya machifu wa kimila, na walihitaji kibali ili kutoka na kusafiri. Utengano huo ulikuwa na sababu za kiutawala, lakini ulilingana pia na hofu ya wamisionari, ambao waliuona mtaa wa Waswahili kuwa mahali pa biashara, ngoma, pombe na ndoa zisizodumu, na zaidi ya yote kuwa mlango ambao Uislamu ungepitia kuingia vijijini. Ndiyo maana mafundisho ya dini yalitolewa kwa Kinyarwanda, na lugha ya Kiswahili ikatazamwa kwa shaka. Mkristo mwema, katika picha hiyo, alikuwa mkulima wa kilimani anayeisikia kengele ya misheni, wala si fundi wa kambini anayesikia kila kitu.

Picha hiyo haikubuniwa Rwanda, kwa kuwa ilitokana na urithi mrefu wa Kanisa. Tangu karne ya nne, watawa wa jangwa la Misri walifundisha kwamba moyo hutawanyika kwa sababu ya mambo unayoyaona na kuyasikia, kwa hiyo anayetaka kusali na ajitenge. Na katika karne ya sita Benedikto wa Nursia alizigawa saa za mtawa kati ya sala na kazi ili pasiwepo saa isiyo na mwelekeo. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe, mwaka 1868, aliongeza kanuni yake mwenyewe, nayo ni ukatekumeni wa miaka minne, yaani kipindi cha kumwandaa mtu kabla ya ubatizo. Kusudi lake lilikuwa kwamba imani isipokelewe kwa haraka ya siku moja, bali ijengwe kwa mazoea ya sala, mafundisho na mwenendo, mpaka iweze kustahimili misukosuko ya maisha. Kanuni hiyo ilifika Rwanda pamoja na Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake, walioanzisha misheni ya Save mwezi Februari mwaka 1900, wakifuatana na Wakristo Waganda waliokwisha kupita katika shule hiyo ndefu.

Lakini historia ya kanisa la Waganda hao ilikuwa pia ushahidi dhidi ya wazo la kwamba utulivu wa moyo unahitaji umbali. Karoli Lwanga, ambaye parokia ya Kikatoliki ya Nyamirambo inaitwa kwa jina lake, hakuwa mtawa wala hakuishi kilimani peke yake. Alikuwa msimamizi wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mahali penye fitina, amri za ghafla na hatari ya kila siku, na alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ileile ambayo mtangulizi wake, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa. Kwa miezi iliyofuata aliwafundisha vijana hao kusali kwa siri katikati ya zamu zao za kazi, akiwalinda dhidi ya matakwa ya mfalme, mpaka tarehe 3 Juni 1886 alipochomwa moto huko Namugongo pamoja na wenzake. Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mashahidi wengine wa Uganda mwaka 1964. Parokia iliyo katika mtaa wenye misikiti na maduka, na inayoitwa kwa jina la mtu aliyeshika imani yake zamuni, ina msimamizi anayeyafahamu maisha ya waumini wake kuliko mtawa yeyote wa jangwani.

Kwa Mkristo wa Biryogo, kama kwa Wakristo wa miji mingi, chombo cha kwanza cha kuukusanya moyo kilikuwa saa. Desturi ya Kikatoliki iitwayo Malaika wa Bwana humtaka muumini asimame asubuhi, adhuhuri na jioni, kengele inapolia, akumbuke kwa sala fupi kwamba Mungu alifanyika mtu. Sala hiyo ilienea Ulaya karne nyingi kabla ya Rwanda kufikiwa, na ilikusudiwa hasa kwa watu wasioweza kwenda kanisani kila siku, yaani wakulima, mafundi na wauzaji. Katika mtaa ambao mwadhini huita mara tano kwa siku, Mkristo aliishi pamoja na majirani ambao kwao kuacha kazi kwa ajili ya sala ni jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Adhana haikuhesabika kuwa kelele kwa mtu aliyeelewa maana yake, kwa sababu ilithibitisha kila siku kwamba mfanyabiashara anaweza kuacha mizani yake kwa dakika chache bila duka lake kufilisika. Kukaa karibu na imani ya jirani kulimlazimisha Mkristo ajue yake kwa uhakika zaidi, kwa kuwa hapo hakuna aliyekuwa Mkristo kwa kufuata mkumbo.

Kwingineko nchini, mkumbo ndio ulioshinda. Mwezi Novemba mwaka 1931 serikali ya Kibelgiji ilimwondoa madarakani Mfalme Yuhi Musinga, ambaye alikuwa amekataa ubatizo, na kumtawaza mwanawe Mutara Rudahigwa, aliyekuwa ameanza kujifunza dini. Machifu walifuata, watu wao wakawafuata machifu, na makumi ya maelfu wakajiandikisha katika misheni kwa kasi ambayo wamisionari wenyewe waliifananisha na tufani. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi yake chini ya ulinzi wa Kristo Mfalme. Kwa nje ilikuwa shangwe kubwa ya Kanisa. Kwa ndani, hata hivyo, sababu za kuwa Mkristo zilikuwa zimechanganyika, kwa maana ubatizo ulifungua mlango wa shule, na shule ilifungua mlango wa ukarani na uchifu. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 serikali iliwaandika watu kwa Uhutu, Ututsi au Utwa katika vitambulisho, na baadhi ya wamisionari walikuwa wamekwisha kuzifundisha tofauti hizo kana kwamba ni tofauti za damu. Injili inasimulia juu ya mbegu iliyoangukia kwenye miiba, na inaeleza kwamba miiba hiyo ni shughuli za dunia na udanganyifu wa mali. Nchini Rwanda miiba iliota ndani ya bustani ya kanisa, na waliokuwa wakilinda ukuta wa nje hawakuiona.

Kuna Wakristo walioliona jambo hilo mapema. Mwezi Septemba mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, na wote wawili walikuwa wameumizwa na ubaridi wa kanisa lao. Kutokana na sala na usomaji wao wa Biblia, na kwa juhudi za wenzao kama Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, kukatokea huko Gahini mwamko uliopamba moto kuanzia mwishoni mwa mwaka 1933, ambao historia huuita Uamsho wa Afrika Mashariki. Wafuasi wake walijulikana kama Abarokore, yaani watu waliookolewa, na wimbo wao Tukutendereza, wa Kiganda, ulivuka mipaka ya nchi na ya makabila hadi Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika.

Uamsho haukuwaambia watu waihame dunia. Uliwaambia wakutane mara kwa mara katika kundi dogo, wasome Maandiko, waungame mbele ya wenzao dhambi zilizotajwa kwa majina yake, warudishe walichoiba na wapatane na waliowakosea, na desturi hiyo waliiita kutembea nuruni. Maana yake kwa maisha ya mjini ilikuwa kubwa, kwa sababu mambo ambayo kwa kawaida humtawanya muumini, kama vile deni lililofichwa, ugomvi wa nyumbani au faida ya udanganyifu, yalitolewa nje na kufanywa kuwa sehemu yenyewe ya sala. Badala ya kujaribu kuyasahau mambo ya duka wakati wa ibada, mwenye duka aliyaleta mbele ya ndugu zake na kuyanyoosha. Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake pia, kwa kuwa baadhi ya waliookoka waliwadharau Wakristo wengine, na wengi waliona siasa kuwa uchafu usiowahusu. Kanisa la Kianglikana lililokua kutokana na mwamko huo lina kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Saint-Étienne, papa hapa Biryogo, umbali mfupi kutoka misikitini, na kwa hiyo urithi wa Gahini una makao katika mtaa ambao wamisionari wa kwanza walidhani kuwa haufai kwa sala.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1994. Katika nchi ambayo walio wengi sana walikuwa wamebatizwa, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili na kuendelea kwa takriban siku 100, na watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya 1,000,000 kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wakauawa. Maelfu yao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama huko Ntarama, Nyamata na Nyange, mara nyingi kwa mikono ya watu waliowahi kukaa nao katika mabenchi yaleyale. Waliofanya hivyo hawakukosa ibada, nyimbo wala sakramenti, na wala hawakuwa wamechoshwa na kelele za mji. Macho yao yalikuwa yamegeuzwa na redio, na amri za viongozi, na woga wa kujitenga na kundi, mpaka jirani aliyebatizwa kama wao akaonekana kuwa neno lililoandikwa katika kitambulisho. Hakuna ukengeufu wa imani uliopata kuwa mkubwa kuliko huo, nao ulitokea kwa watu ambao ratiba yao ya ibada ilikuwa imekamilika.

Katika siku hizohizo walikuwepo walioshika imani yao bila kugeuka. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi wa nyimbo, pamoja na mkewe Daphrose, walikuwa wameanzisha mwaka 1990 Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, ambayo huunganisha kuabudu Ekaristi, yaani kukaa kimya mbele ya Mwili wa Kristo, na huduma kwa maskini. Wao wenyewe waliwalisha na kuwatunza watoto wa mitaani wa Kigali, waliokuwa wakizunguka masokoni. Waliuawa nyumbani kwao tarehe 7 Aprili pamoja na baadhi ya watoto wao, na mwaka 2015 Kanisa lilianza kuchunguza maisha yao kwa ajili ya kuwatangaza wenye heri. Huko Nyamirambo, Damas Gisimba, aliyeongoza kituo cha yatima, aliwahifadhi watu karibu 400, akisaidiwa kwa chakula, maji na utetezi na Mmarekani Carl Wilkens wa Kanisa la Waadventista, ambaye alikataa kuondoka Kigali wageni wengine walipohamishwa. Na katika nyumba za Biryogo na Nyamirambo, Waislamu wengi, ingawa si wote, waliwaficha Watutsi waliokuwa wakiwindwa, wakiwemo Wakristo. Watu waliokuwa wametengwa kambini ili wasiwaharibu Wakristo ndio waliowafungulia Wakristo milango.

Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba watu hao walikuwa wema. Rugamba alisali kwa saa nyingi, na sala hiyo ilimpeleka kwa mtoto asiye na chakula. Gisimba alikuwa na yatima wa kulea kila siku, na mazoea ya kulea yakawa ngome. Waislamu wa mtaani walikuwa na ujirani uliojengwa kwa miaka mingi ya kukopeshana, kuzikana na kulishana sikukuu. Katika hali zote tatu, imani iliyosimama ilikuwa ile iliyokwisha kuzoea kumwona mtu aliye mbele yake. Simulizi ya Injili ya Luka kuhusu Martha na Mariamu, ambayo mara nyingi hutumiwa kuwalaumu wanaoshughulika, hutanguliwa katika kitabu hichohicho na mfano wa Msamaria aliyesimama njiani kumtibu mtu aliyejeruhiwa, huku watu wa dini wakimpita. Mwandishi wa Injili aliziweka simulizi hizo mbili pamoja, na historia ya Kigali inaonyesha kwa nini hazipaswi kutenganishwa.

Makanisa ya Rwanda yalichukua muda kuukabili ukweli huo. Wakatoliki, walipokuwa wakielekea Yubilei ya mwaka 2000 na miaka 100 ya Injili nchini mwao, walifanya mikutano ya sinodi katika ngazi za chini ili waumini wazungumze juu ya ukabila na damu iliyomwagika. Maaskofu wao waliomba msamaha mwezi Novemba mwaka 2016 kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Papa Fransisko alifanya hivyo mwezi Machi mwaka 2017. Katika parokia, uzito mkubwa umewekwa katika umuryangoremezo, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo inayokusanya familia za mtaa mmoja ili zisome Neno, zisaidiane na kupatanishana. Muundo wake unafanana sana na kundi la Uamsho la miaka ya 1930, ingawa umetoka katika mkondo mwingine wa Kanisa, na kufanana huko kunadokeza kwamba pande zote mbili ziligundua kitu kilekile: umati mkubwa huimba vizuri, lakini moyo hujulikana na kuongozwa katika kundi ambalo kila mtu ana jina.

Mjadala wa kelele nao umerudi kwa sura mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ilifunga zaidi ya nyumba 700 za ibada jijini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na mwezi Machi mwaka huo misikiti ya wilaya ya Nyarugenge iliagizwa isitumie vipaza sauti kwa ajili ya adhana. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ilianza kudai elimu ya theolojia kwa viongozi wa dini. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, barabara kadhaa za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi, na mikahawa ikatandaza meza nje, hata mtaa wa wachuuzi ukawa mahali ambapo vijana wa jiji zima hukutana kwa chai na mazungumzo hadi usiku. Leo muumini wa Saint-Étienne au wa parokia ya Karoli Lwanga anaishi na simu mfukoni ambayo humwita mara nyingi zaidi kuliko kengele na adhana zote pamoja, na wahubiri wana haki ya kumwonya, kwa sababu moyo usiokaa mahali pamoja hauwezi kusali.

Onyo hilo litakuwa nusu ya ukweli ikiwa litaishia kwenye simu, muziki na mikahawa. Historia iliyosimuliwa hapa inafundisha kwamba nidhamu ya saa, ukatekumeni mrefu, kundi dogo la kuungama na ukimya mbele ya Ekaristi ni vyombo vyema na vya lazima, na kwamba Mkristo wa mjini anavihitaji zaidi kuliko mkulima wa zamani. Lakini inafundisha pia kwamba vyombo hivyo vinaweza kutumiwa kwa uaminifu na mtu ambaye amekwisha kukengeuka bila kujua, kwa kuwa macho yake yako kwa wakubwa na kwa wingi wa watu. Kipimo cha kwamba moyo umekaa kwa Kristo ni uwezo wa kumtambua jirani siku ambayo redio, serikali na umati wanasema si jirani. Biryogo, mtaa ambamo Ukristo haukuwahi kuwa na cheo, uliwapa Wakristo wake nafasi ya kukizoea kipimo hicho katika mambo madogo ya kila siku, na kanisa lolote la Afrika Mashariki linalojaza viti vyake Jumapili lina sababu ya kujiuliza kama linawazoeza waumini wake hivyohivyo.